Daktari wa Ghorofa ya Sita

Palikuwa na mwalimu wa shule ya msingi mtaani Umoja, Nairobi, mjane, mwenye mwana mmoja aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Kisa chake nimekibuni ili nikifundishie, lakini kila kipande chake kinatokea mjini humu, na anayeishi humu atakitambua.

Kijana alirudi nyumbani likizo ya Agosti akiwa si yule aliyeondoka. Halali. Usiku mama anamsikia sebuleni akitembea huku na huku, akisemezana kwa sauti ya chini na mtu ambaye hayupo. Simu yake ameizima na kuivingirisha kwa karatasi ya foili kwa sababu, anasema, kuna watu chuoni wanaomrekodi kupitia humo. Chakula anakinusa kwanza. Siku moja, bila kuulizwa, alimwambia mama yake kwamba ingekuwa afadhali asingekuwapo duniani.

Baba wa kijana alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na kijana hakulia siku ya mazishi. Kwa hiyo mama alijieleza hivi: msiba umemrudia. Akakaa na jambo lile wiki tatu. Hatimaye aliwaeleza wenzake wa chama cha akiba, na mmoja wao akamshika mkono.

"Mama, usibebe hili peke yako. Kuna daktari wa mambo ya akili, anasaidia vijana sana. Namwona TikTok kila siku. Ngoja nikutafutie nambari."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya sita ya jengo moja karibu na Mtaa wa Tom Mboya. Daktari alikuwa amevaa koti jeupe, sauti yake ya upole, na ukutani nyuma yake palikuwa na vyeti sita ndani ya fremu za dhahabu. Kimoja kilikuwa cha kuhudhuria semina ya siku mbili kuhusu msongo wa mawazo. Kingine kilikuwa cha mafunzo ya wiki moja. Kimoja kilikuwa shahada ya heshima kutoka chuo ambacho mwalimu hakuwahi kukisikia. Kadi ya uanachama wa chama cha washauri nasaha ilikuwepo pia, na muda wake ulikuwa umekwisha. Yote hayo yalikuwa wazi ukutani, yameandikwa kwa herufi kubwa. Mwanamke yule husahihisha daftari za darasa zima kila jioni na hapitwi na nukta iliyokosekana. Vyeti sita alivitazama, hakusoma hata kimoja. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akiona koti jeupe hushusha pumzi.

Daktari aliongea na kijana kwa dakika ishirini, kisha akamwita mama.

"Mama, kijana wako hana ugonjwa. Ana uchungu wa baba yake ambao haujalia."

"Na hizo sauti, daktari?"

"Sauti ni uchungu unaotafuta mlango wa kutokea."

Lilikuwa jibu tamu, na tena lilikuwa ndilo jibu ambalo mama alikuja nalo. Hapo ndipo mtu wa aina hii anapompata mteja wake: anakurudishia dhana yako mwenyewe ikiwa imepambwa. Mama alijikaza akauliza moja zaidi. Shemeji yake alikuwa amemshauri ampeleke Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Je, asimpeleke?

"Kule watamdunga sindano za kumpumbaza maisha yake yote. Na huyu amesema anataka kufa. Polisi wakisikia, unajua kitakachofuata?"

Alijua. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichotoka enzi za ukoloni, kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na ilikuwa bado hivyo wakati wa kisa hiki. Mama aliona picha ya mwanawe nyuma ya Land Cruiser ya polisi, akaacha kuuliza. Akachukua mkopo wa chama, akalipa shilingi 30,000 kwa vikao kumi na viwili, zote kwa mkupuo, kwa M-Pesa, kwenye nambari ya simu ya daktari mwenyewe. Risiti hakupewa, na kwa haya hakuiomba.

Kikao cha tano kilipokwisha, wakiwa kwenye matatu wakirudi Umoja, kijana alimnong'oneza mama yake: "Yule mtu ananirekodi."

Mama alimpapasa bega. Kijana alikuwa akisema hivyo juu ya wahadhiri, juu ya majirani, juu ya mwenye kioski. Basi naye daktari ameingia kwenye orodha. Usiku huo mama alimpigia daktari simu kumweleza, kwa masikitiko, kwamba hofu inazidi. Daktari akamwambia ni dalili njema, uchungu unaanza kusogea.

Kumbe kijana alikuwa anasema kweli. Simu ya daktari ilikuwa juu ya meza, uso chini, inarekodi kila kikao. Januari, binamu wa kijana, aliyeko Eldoret, alituma kipande cha video kwenye kundi la WhatsApp la familia akiuliza kama huyu siye fulani. Ilikuwa video ya daktari, amekaa mbele ya vyeti vyake, anasimulia habari za kijana wa chuo, mwana wa mjane mwalimu wa Eastlands, anayeivika simu yake foili. Halafu sauti ya kijana mwenyewe ikasikika, imebadilishwa kidogo, lakini si vya kutosha. Watu elfu kadhaa walikuwa wameitazama. Wengine walikuwa wameweka alama za kicheko.

Jambo hili ndilo linaloniumiza kuliko yote katika kisa hiki, na ndiyo maana nimelikalia. Mgonjwa anayeamini kuwa ulimwengu mzima unamrekodi alipelekwa kwa mtu aliyemrekodi kweli, na mtu pekee ambaye yeye alimwambia ukweli huo hakumsadiki. Tangu siku hiyo kijana hakumwamini mama yake tena kwa kitu chochote. Akajifungia chumbani. Chakula kikawa kinaachwa mlangoni.

Aprili, jirani ambaye ni muuguzi alisikia vioo vikivunjika usiku akaja mbio. Yeye hakuuliza habari za uchungu wala mlango. Aliuliza tangu lini hajalala, anasikia nini, amesema lolote kuhusu kujidhuru. Kisha akasema, "Mwalimu, twende hospitali sasa hivi." Walianzia Mama Lucy Kibaki, wakapewa rufaa kwenda Mathari, hospitali ile iliyoanza mwaka wa 1910 na ambayo jina lake limetumika kututishia tangu utotoni. Daktari wa magonjwa ya akili alimweleza mama kwamba ugonjwa huu, unaomtenga mtu na uhalisia, mara nyingi huwaanza vijana katika umri huohuo wa mwanawe. Kwamba una dawa. Na kwamba kadiri matibabu yanavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Akauliza, kama wanavyouliza wote, umeanza lini.

"Agosti," mama akasema.

Kijana alilazwa, akatibiwa, akapata nafuu. Alipotulia ndipo alipokutana na mwanasaikolojia wa kwanza wa kweli maishani mwake. Huyu, kabla ya swali lolote, alimwekea karatasi mezani akaisoma pamoja naye. Yatakayosemwa humu yatabaki humu, isipokuwa ukiwa katika hatari ya kujidhuru au kumdhuru mwingine, au mahakama ikiniamuru. Sirekodi. Nikitaka kurekodi nitakuomba kwa maandishi, nawe unaweza kukataa. Jina langu ni hili, nimesajiliwa hapa, nambari yangu ni hii, na ukiona nimekukosea, malalamiko unayapeleka kule. Kijana aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akamuuliza, "Simu yako iko wapi?" Mwanasaikolojia akaitoa mfukoni, akaizima mbele yake, akaipeleka chumba cha pili.

Mama naye alikwenda kumtafuta daktari wa ghorofa ya sita. Mlangoni palikuwa na bango la wakala wa kazi za Ghuba. Nambari ya simu haipatikani. Kituo cha polisi walimuuliza jina kamili la mshukiwa, naye akagundua kuwa analijua moja tu, lile la TikTok. Wakamuuliza risiti, mkataba, barua yoyote. Hana. Alipiga simu kwa chama kilichotajwa kwenye ile kadi ya ukutani, wakatafuta, wakamjibu kwa heshima kwamba jina hilo lilitoka kwenye orodha yao zamani na hawana mamlaka juu yake. Adhabu kubwa kabisa ambayo taaluma inaweza kumpa mtu ni kumnyang'anya leseni, na huyu hakuwa na leseni ya kunyang'anywa.

Tunaizungumzia leseni kama alama ya ujuzi. Ni hivyo, kwa kiasi. Inaonyesha mtu amesomea, amefanya mazoezi chini ya msimamizi, amefika kiwango fulani. Lakini kwa mgonjwa na jamaa zake kazi yake kubwa ni nyingine. Leseni ni anwani ya kumpata mtu siku atakapokukosea. Ina jina lake kamili, chuo alichosoma, chombo kinachoweza kumwita na kumhoji. Anayekataa kukuonyesha nambari anakwambia kwamba hataki upajue pa kumshtakia.

Kenya ina sheria kuhusu jambo hili. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka wa 2014, ikaunda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni wote wanaotoa huduma hiyo. Halafu sheria ikakaa. Miaka ilipita kabla bodi haijaanza kushika kazi yake, na katika pengo hilo wenye ofisi kama ile ya ghorofa ya sita walipanga foleni za wateja. Mwaka wa 2020 jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, chini ya Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa janga la kitaifa. Kutangaza janga huku waganga wake hawajaandikwa kwenye rejista, kwangu mimi, ni kumwacha mjane wa Umoja ajilinde mwenyewe.

Pengo lile liliacha mkanganyiko ambao bado tunao. Kadi ya uanachama wa chama cha wanataaluma ni kitu kizuri, inaonyesha mtu anakaa na wenzake. Lakini uanachama si leseni, na anayekuonyesha kadi mahali pa leseni umuulize leseni. Tena watu hawa si kundi moja. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kama yule wa moyo au wa mifupa. Anaandika dawa, na anasajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo rejista yake unaweza kuitafuta mtandaoni kwa jina. Mwanasaikolojia wa tiba kwa kawaida amesoma hadi uzamili katika fani hiyo. Anapima, anatibu kwa mazungumzo yenye utaratibu, haandiki dawa. Mshauri nasaha ana mafunzo yake, na kwa mafarakano ya ndoa, msiba au ulevi unaoanza anaweza kuwa ndiye unayemhitaji. Wapo pia wenye shahada ya saikolojia ya viwandani au ya elimu, wasomi wazuri, ambao hawakufunzwa kumtibu mtu anayesikia sauti. Mtu mwaminifu katika kundi lolote kati ya haya, angemwona kijana wa mwalimu, angesema ndani ya kikao cha kwanza: huyu anahitaji daktari, na mimi nitamwandikia barua. Rufaa ni dalili ya mtu anayejua mpaka wake.

Kuna atakayesema rejista nazo hudanganywa. Ni kweli, na mfano mzito uko Uingereza. Zholia Alemi aliingia kwenye rejista ya madaktari ya nchi hiyo mwaka wa 1995 kwa shahada ya kughushi ya Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, ambako alianza udaktari asimalize. Wakati huo wahitimu wa nchi za Jumuiya ya Madola waliweza kusajiliwa bila mtihani, na barua yake ya uthibitisho, ijapokuwa ilikuwa na makosa ya tahajia, ilipita. Alifanya kazi ya daktari wa akili kwa takriban miaka ishirini. Alikuwa na uwezo wa kuamuru mtu alazwe kwa nguvu. Mwaka wa 2018 alifungwa kwa kughushi wosia wa bibi mjane aliyekuwa mgonjwa wake, na mwandishi wa habari wa gazeti moja la Cumbria, Phil Coleman, akaanza kuchimba historia yake mpaka akafika Auckland. Februari 2023 mahakama ya Manchester ilimhukumu kifungo cha miaka saba.

Nimekifikiria sana kisa hicho, na kwangu hakiipunguzi rejista thamani. Aliyemfuatilia Alemi alikuwa na pa kuanzia: jina, mwaka, chuo alichodai kusoma, hospitali alizopita, majalada ya wagonjwa. Baraza lililomsajili liliomba radhi hadharani na kulazimika kuwakagua upya takriban madaktari 3,000 walioingia kwa njia ileile. Mwalimu wa Umoja hakuwa na pa kuanzia hata mahali pamoja. Hata hivyo, huko huko Uingereza, mtu yeyote anaweza kujiita mwanasaikolojia tu. Yanayolindwa na sheria ni majina mahususi, kama mwanasaikolojia wa tiba au wa ushauri, ambayo tangu 2009 yako chini ya baraza la HCPC. Kwa hiyo mwenye jamaa London anayetafutiwa mtaalamu wa kuongea naye kwa video, naye aulize jina kamili la fani na nambari, asiridhike na neno moja kwenye wasifu.

Kinachotuzuia kuuliza ni adabu. Tumelelewa kwamba mganga hahojiwi, na mwenye shida hasimami mbele ya msaada akadai karatasi. Mama yule angeuliza bei ya kilo ya nyama mara tatu kabla ya kufungua mkoba. Lakini kumuuliza daktari, "Samahani, umesajiliwa wapi?" kulionekana kwake kama kumtukana. Ninawaomba wasomaji walizoee swali hilo mdomoni, kwa upole uleule tunaotumia kwa wakubwa. "Daktari, samahani, kabla hatujaanza naomba nambari yako ya usajili niandike." Linatosha. Anayestahili atakupa bila kukunja uso, na wengi wataitoa kabla hujaomba. Wao wenyewe wamechoka kuchanganywa na matapeli. Kisha, nyumbani, hakikisha kwa bodi au baraza lenyewe, usitegemee nakala iliyo ukutani. Jina lisipoonekana, piga simu uulize, kwa maana wakati mwingine ni tahajia tu. Likikosekana kabisa, usirudi.

Uulize pia nani anamsimamia. Wanasaikolojia wazuri, hata wenye mvi, huwa na mwenzao mwandamizi wanayempelekea kesi zinazowatatiza. Uulize ada kwa kila kikao, ulipe kikao kwa kikao, kwa akaunti yenye jina la kituo. Anayetaka fedha za vikao kumi na viwili kabla hajajua unaumwa nini amekwisha kuamua utaumwa muda gani. Na asiye na uwezo wa ada za Upper Hill au Westlands asikimbilie ghorofa ya sita: hospitali za rufaa za umma zina kliniki za afya ya akili, na baadhi ya vyuo vinavyofundisha saikolojia ya tiba vina wanafunzi wa uzamili wanaohudumia watu kwa ada ndogo chini ya jicho la walimu wao. Mwanafunzi anayesimamiwa ni salama mara nyingi kuliko bwana asiye na wa kumsimamia.

Lugha nayo usiipuuze. Kijana wa mwalimu alipopata nafuu aliomba aongee Kikamba, na mwanasaikolojia, ambaye hakukijua, akamtafutia mwenzake anayekijua. Rejista haitakwambia nani atakusikia vizuri. Hilo utalipima mwenyewe katika vikao viwili vitatu, na kubadilisha mtaalamu aliyesajiliwa si utovu wa shukrani.

Kuhusu kurekodiwa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu miongoni mwa data nyeti. Video ile ya ghorofa ya sita ilikuwa inavunja sheria hata kama aliyeiweka angekuwa na leseni kumi. Mama hakujua. Angejua, angekuwa na mlango mmoja wa kubisha, ofisi ya Kamishna wa Data, hata bila risiti.

Na lile tishio la polisi limekwisha nguvu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungo cha 226 kinakiuka Katiba. Aliyejaribu kujiua, au aliyesema anataka kufa, ni mgonjwa. Mtu akiwa katika hali hiyo nyumbani kwako usiku wa leo, usianze kutafuta nambari za leseni wala kungoja miadi. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa na vitu vyenye makali, mpeleke kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, au piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Leseni utaitafuta akishalala.